Klipu ya pakruok, mwalimu wa meza ya pili, na hoteli iliyodhani sura za wateja ni zake

Watu wa biashara hapa Kisumu huniuliza kama ni ukweli mtu anaweza kukupeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ile ofisi ya serikali inayolinda habari za watu, juu ya kavideo ka TikTok, na wewe ulikuwa unatafuta wateja tu. Anaweza. Kuna kisa kimoja nilikiona kutoka karibu sana manake kazi yangu ni kushughulikia kurasa za biashara na niliitwa mambo yakiwa yameshamwagika, kwa hivyo wacha nikieleze chote. Hoteli siitaji, mwalimu simtaji, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza makusudi, msianze kutafuta.

Hoteli iko upande wa Dunga. Mchana ni samaki na familia, Alhamisi usiku ni ohangla, ule muziki wa ngoma wa Waluo. Sasa kama hujawahi kukaa ohangla hutaelewa chochote hapa, basi nieleze: kuna kitu kinaitwa pakruok. Msanii anaimba, mtu anatoka mezani na noti, anasimamisha muziki, anajisifu mwenyewe, anasifu ukoo wao, marafiki zake, shemeji akitaka, anaweka pesa, muziki unaendelea. Meza ya jirani ikiona hivyo haiwezi kukubali kulala, inatoa mtu na noti kubwa zaidi. Hapo ndo msanii anakula, na kaunta pia inakula hapo hapo, manake mtu akishajisifu mbele ya watu wote hao hawezi kurudi kukalia chupa moja.

Mwenye hoteli aliandika kijana wa mitandao. Kijana ni mkali kweli, anajua kushika simu, anajua kukata video ikaingia na mdundo. Shida ilianzia kwa vile walikubaliana malipo, na hii ni sehemu watu wengi huiruka wakisimulia kisa hiki: mshahara mdogo wa mwezi, alafu bonasi kila video ikipita watazamaji elfu hamsini. Ukimlipa mtu kwa macho atakuletea macho. Samaki aliyekaangwa vizuri hafikishi elfu hamsini, dijei akisalimia watu hafikishi, kinachofikisha ni drama, na drama ya bure kwa hoteli ni sura za wateja. Mimi sikumlaumu kijana sana, alikuwa anafanya kile alichokuwa analipiwa.

Alhamisi yenyewe ilikuwa mwisho wa mwezi. Meza moja ilikuwa na walimu wamekuja kumuaga mwenzao aliyepata uhamisho, meza ya mbele jamaa mmoja ameamka kufanya pakruok, amejisifu amemaliza, akanyoosha mkono upande wa walimu akawasifu nao. Mwalimu mmoja, dada wa miaka ya thelathini hivi, akacheka akainua glasi yake, ile adabu tu ya kukubali salamu. Hawajuani. Lakini kamera ilimkalia sekunde kadhaa kwa sababu alikuwa amecheka vizuri, na kijana alipofika nyumbani akaiweka TikTok na maandishi haya: "Bwana ako kazini, mama ako Dunga 😂".

Ukitaka kujua ubaya wa hiyo posti usiangalie video, angalia maandishi. Video peke yake ni mtu anacheka akiwa hotelini na wenzake wa kazi. Maandishi ndo yalimpa bwana, yakampa hawara, yakampa uongo wa kutoka nyumbani, vyote ndani ya maneno sita.

Na maandishi hayo hayo ndo yaliipeleka. TikTok haingoji wafuasi wako, inaonyesha video kwa watu wachache wasiokujua, wakiangalia mpaka mwisho ama wakirudia na wakiandika komenti inaongeza wengine, hivyo hivyo inapanuka. Sasa weka swali la ndoa hapo. Wanaume wakaandika zao, wanawake wakawajibu, kuna mwingine akadai anamjua huyo dada na ako na watoto wawili (uongo), na kila aliyebishana alikuwa anaisukuma mbele bila kujua. Ijumaa jioni watazamaji walikuwa wamepita laki. Jumamosi asubuhi imefika kwa magrupu ya Facebook, na kufikia mchana imeingia grupu la WhatsApp la wazazi wa shule anayofundisha.

Sasa inboksi. Ijumaa hiyo hiyo, kabla haijafika kwa wazazi, mwalimu aliandika: "Habari. Mimi ndiye niko kwa hiyo video. Tafadhali itoeni, nafanya kazi na watoto." Akajibiwa: "Pole madam 😂 lakini uko fiti, karibu tena Alhamisi." Niliona hizo meseji kwa simu ya kijana na akaniambia, na namuamini, kwamba alidhani ni vile watu hujibizana tu kwa mtandao, alikuwa amefundishwa ajibu kila mtu haraka na aweke kicheko. Meseji ya pili haikujibiwa. Mwalimu akapiga namba iliyoandikwa kwa bango la hoteli, weita akashika, akasema atamwambia mdosi. Hakumwambia, ilikuwa Ijumaa, meza zimejaa.

Hapo ndipo kisa hiki kingeishia, kwa ile meseji ya kwanza. Dakika moja ya kufuta, samahani moja bila kicheko, na mimi singekuwa na cha kuandika hapa.

Mwenye hoteli alijua Jumamosi usiku, tena aliambiwa na mkewe. Akaagiza itolewe mara hiyo hiyo. Kijana alikuwa amesafiri kwa matanga upande wa Ugunja, simu imezima. Akaunti zote mbili, TikTok na Facebook, zilikuwa zimefunguliwa kwa namba yake binafsi, paswadi anayo yeye peke yake, hata menija hana. Fikiria biashara ya mamilioni, ina walinzi wawili getini na kufuli kwa friji ya bia, na mdomo wake wa kuongea na dunia uko mfukoni mwa mtu mmoja ambaye simu yake haina chaji. Video ilikimbia usiku wote, ikatolewa Jumapili alasiri. Na kwa vile ruhusa ya kupakua iliachwa wazi, nakala zilikuwa zimeshasambaa kwa kurasa za vichekesho, na kufuta ya kwanza hakufuti zile zingine.

Niliitwa Jumatatu. Mwenye hoteli alikuwa na wasiwasi lakini pia, nitakuwa mkweli, alikuwa na furaha fulani ameificha. "Lakini tumetrendi," aliniambia. Nikamwambia tungoje Alhamisi ipite alafu tufungue meseji za M-Pesa na kitabu cha kaunta tuone. Alhamisi ilikuja, mahali palijaa mpaka watu wakasimama. Tulipofungua hesabu pesa haikuwa imepanda, jikoni ndo hata ilishuka. Waliojaa walikuwa vijana na simu zao, meza ya watu sita na soda tatu, wamekuja kungoja drama ya pili. Na zile meza za ukutani, za wazee wa kandarasi na watu wa sacco wanaoagiza samaki mzima mzima na kushindana kwa pakruok mpaka saa nane usiku, mbili hazikuja. Mmoja wao alipiga simu akamwambia mwenye hoteli, "Jaduong' (mzee), huko kwako siku hizi kuna kamera."

Hiyo simu ilimfundisha haraka kuliko mimi na sheria zangu. Wateja wanaotumia pesa nyingi usiku mara nyingi ndo hao hao hawataki kuonekana, na si lazima wawe na dhambi yoyote, mtu anaweza kuwa ana mkopo wa watu, ana mama mlokole nyumbani, ama ni heshima yake tu. Alafu tulifungua takwimu za TikTok zinazoonyesha watazamaji wako wapi, na wengi walikuwa Nairobi na nchi za Ghuba. Mtu ako Doha hawezi kula ngege (tilapia) yako Alhamisi.

Jambo lililomchanganya mwenye hoteli zaidi ni pakruok yenyewe. Aliniuliza, na ni swali la haki, hawa watu wanalipa watajwe kwa kipaza sauti, wanataka waonekane, sasa video inawauma nini? Nilivyoona mimi, sifa ya pakruok inanunuliwa kwa watu waliomo ndani usiku ule. Mtu anaangalia kwanza nani yuko na nani hayuko, anapima, ndo anainuka. Aliyelipa mia tano asifiwe mbele ya watu themanini hajauza sura yake kwa watu laki. Na mwalimu hata hiyo mia tano hakuitoa.

Sheria nayo inasimama karibu hapo hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na picha ya mtu anayeweza kutambulika ni data yake kama vile namba ya kitambulisho ilivyo yake. Kifungu cha 37 kinasema huwezi kutumia data ya mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi, labda sheria nyingine iwe imekuruhusu na yeye awe amejulishwa. Kifungu cha 32 ndo kinauma watu wa mahoteli: wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa ni wewe uliyeposti, si yeye aje athibitishe kwamba alikataa, na hata akikubali leo anaweza kuiondoa kesho. Malalamiko yakifika kwa Kamishna yanafaa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Adhabu inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo, na hiyo ni kando na fidia ya mwenyewe aliyeumizwa.

Kama unadhani ni vitisho vya karatasi, Septemba 2023 ofisi hiyo ya Kamishna ilitangaza adhabu ya shilingi 1,850,000 kwa Casa Vera Lounge ya Nairobi, na kosa lilikuwa hili hili, kuposti picha ya mteja kwa mitandao bila ridhaa yake. Siku hizo hizo shule ya Roma ya Uthiru ikapigwa 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi wadogo bila ruhusa ya wazazi. Nilimwonyesha mwenye hoteli hizo mbili kwa simu. Ile ya Uthiru ilimshtua zaidi kwa sababu Jumapili zake ni familia, na ukurasa wake wa Facebook ulikuwa umejaa watoto wa watu wakila chipsi. Tulikaa jioni nzima tukizitoa.

Mwanzoni alitaka njia ya mkato, kile kikaratasi cha mlangoni kinachosema ukiingia hapa umekubali kupigwa picha. Nimekiona kwa mahali pengi hapa mjini na hata Nakuru. Kibandike kama unapenda, kinasaidia kumjulisha mtu, lakini hiyo ni taarifa, si ridhaa. Mtu amepita gizani akiongea na simu, huwezi kuja mbele ya Kamishna ukasema alikubali kwa kupita mlangoni.

Mwalimu alikuja na kakake na barua ya wakili. Mwenye hoteli alikuwa ameshaandika posti ndefu ya kuomba msamaha, amenionyesha, ameweka mpaka mikono ya maombi. Mwalimu aliisoma akamrudishia simu. "Mzee, mimi sitaki mniombe msamaha huko. Mkiniombea huko, wale hawakuona wataenda kutafuta." Sijawahi kusikia ushauri mzuri wa mitandao kuliko huo, na umetoka kwa mtu asiye wa kazi hii. Watu wetu wa kurasa wakikosea hukimbilia kuposti tena, posti inafufua posti.

Alitaka vitu vinne. Video itoke kila mahali hoteli ina mkono. Hoteli yenyewe ifanye kazi ya kuripoti nakala zilizobaki, asikae yeye usiku akijitafuta kwa kurasa za vichekesho. Barua kwa mwalimu mkuu, ya hoteli, ina mhuri, inayosema alikuwa hapo na walimu wenzake kumuaga mwenzao na kwamba video iliwekwa bila yeye kujua na maandishi yake hayakuwa ya ukweli. Na pesa. Waliongea, wakakubaliana, kiasi wanakijua wao. Malalamiko hayakufika kwa Kamishna, ingawa wakili alikuwa na kila kitu tayari, pamoja na skrinishoti ya lile jibu lenye kicheko, ambayo mimi nadhani ndo iliyopandisha bei. Nakala nyingi za TikTok zilitoka baada ya kuripotiwa kama uvunjaji wa faragha. Za Facebook zilikuwa kichwa ngumu zaidi, na ukurasa mmoja wa vichekesho haujawahi kujibu mpaka leo.

Kuna mtu mwingine kwa hiki kisa ambaye nilipenda alivyofanya, naye ni msanii. Bendi nayo ilikuwa imeweka klipu ndefu ya usiku ule kwa ukurasa wao na mwalimu anaonekana humo, bila maandishi mabaya. Kwa msanii wa ohangla klipu ni chakula, mtu anaona klipu anampigia aje acheze harusi Bondo ama matanga Ahero, kwa hivyo kumwambia atoe ni kumgusa mfuko. Alipopigiwa simu na hoteli hakubishana, aliitoa, akaikata upya ikabaki yeye na wapiga ngoma, akampigia mwalimu mwenyewe akamsalimia na kumpa pole. Wasanii wa huku wanaishi kwa majina ya watu, wanajua jina la mtu likichafuka kwa kazi yako litakurudia wewe.

Sasa walibadilisha nini. Bonasi ya watazamaji iliondolewa, kijana akawekewa mshahara unaoeleweka, na hesabu anayoulizwa siku hizi ni meza ngapi ziliwekwa kupitia WhatsApp kabla ya Alhamisi. Akaunti zikahamishwa kwa laini ya hoteli, menija ana paswadi, uthibitisho wa hatua mbili umewashwa. Upakuaji wa TikTok umezimwa. Kamera inaangalia jukwaa, jikoni na wahudumu waliokubali, wateja wanaonekana mgongo tu ama wametiwa ukungu. Ikija meseji yoyote ya "itoeni", video inatolewa kwanza, maswali baadaye, hata kama anayeomba hayuko kwa picha.

Lakini kitu kilichofanya kazi kuliko vyote kilitoka kwa mhudumu mmoja tu wakiwa mkutanoni. Alisema, mtu wa pakruok apigwe video yake kama kawaida, alafu atumiwe yeye mwenyewe kwa WhatsApp, aamue. Basi wakaanza hivyo. Anayetaka kurekodiwa anaandika "NDIYO" kwa namba ya biashara pale anapolipia sifa zake (na hapo hoteli imepata ushahidi wa kifungu cha 32 bila kuchapisha fomu yoyote), kamera inamkalia yeye na msanii peke yao, na asubuhi anatumiwa klipu yake safi, ina jina la hoteli kwa kona. Hoteli haiposti. Yeye ndo anaiweka kwa stetasi yake.

Fikiria hiyo stetasi inaonwa na nani. Masaa 24, watu walio na namba yake, wenzake wa kazi, mabinamu, wale wa chama, na wengi wako Kisumu, Siaya, Vihiga hapo, watu wanaoweza kuja Alhamisi ijayo kwa boda. Na wanaoiona wanaona mtu wanayemjua akisifiwa, si tangazo. Kuna mwingine anaingia kwa inboksi ya rafiki yake kumuuliza meza ni pesa ngapi, na rafiki anamjibu, amegeuka mtu wa mauzo wa hoteli bila kulipwa na anafurahia. Asiyetaka kuiweka anabaki nayo kwa simu yake, hakuna neno.

Watazamaji wa ukurasa walishuka, tena sana, na kijana aliumia, alinitumia picha ya ile grafu ikianguka kama ni mimi nimeiangusha. Kati ya zile meza mbili za ukutani moja imerudi. Ya pili wanasema iko mahali pengine upande wa Mamboleo. Wale walimu wenzake yule dada wamerudi mara moja Jumamosi mchana, yeye hakuja nao.

Mambo mawili hayajaisha. La kwanza ni kujisajili kwa Kamishna. Biashara ndogo, yenye mapato ya chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi, kwa kawaida huwa imesamehewa, lakini mahoteli na biashara za ukarimu ziko kwa orodha ya wale wanaotakiwa kujisajili hata wakiwa wadogo, na mwenye hoteli alikuwa hajui, na sidhani ni yeye peke yake kwa hiyo barabara. La pili ni mikataba ya bendi. Mpaka sa hizi ohangla nyingi hupangwa kwa simu, nipatie hii na usafiri, basi. Tumeandika ukurasa mmoja unaosema nani anarekodi, nani anaposti, na mteja akilalamika nani anatoa na ndani ya masaa mangapi. Bendi mbili zimeweka sahihi, ya tatu meneja wao anataka kwanza hoteli iongeze pesa ya usafiri.